Tumbaku Ikishafunguliwa

Kisenyi, Kampala
4 Machi 2024

Kwa Bwana Ocira, Kitgum.

Assalaam alaikum, au salamu yoyote mnayoitumia huko.

Kwa heshima na taadhima natangaza, kwako wewe kabla ya majirani na kabla ya serikali, kwamba kuanzia leo Jumatatu duka la marehemu baba, lililo nyuma ya gereji za Kisenyi, limeacha rasmi kuuza sigara moja moja. Sheria ya kukataza jambo hilo ilipita mwaka 2015. Nimeitii baada ya kuitafakari miaka tisa. Hakuna aliyelia. Fundi wa magurudumu aliuliza tu kama viberiti bado vipo.

Mimi sijambo, isipokuwa goti. Natumai nawe u mzima.

Najua unashangaa. Tangu mwaka 1989, wewe ukiwa konstebo pale Nakivubo na mimi nikiwa nyuma ya kaunta, tangu ulipoondoka na dada yangu Zahara, hatujaandikiana hata risiti. Leo ninalo swali dogo la kitaalamu, nalo halihusiani na yaliyopita.

Nina daftari. Humo nimeandika kila neno ambalo mteja amelitumia kuniomba sigara. Nimefika arobaini. Babu zetu walisema tumbaku ya karatasi. Wanajeshi wa miaka ya sabini walisema risasi: “Nipe risasi mbili,” na baba alikuwa anampa mtu haraka, kabla hajakumbuka kwamba anazo nyingine. Bidhaa zilipoadimika tukaanza kusikia dawa, na waliokuwa wakiiulizia walikuwa na nyuso za wagonjwa kweli. Madereva wa kutoka Kenya wakaleta fegi. Zéphyrin, Mkongomani anayeshona suti hapa jirani, husema likaya, na huitamka kama jina la mchumba. Waganda wa mtaani husema sigala, nami nimeiandika peke yake, maana aliyeizoea hivyo ukimpa sigara anaona umempa nyingine.

Lipo moja lililonipita. Nyinyi askari mlikuwa mnasimama barazani petu kabla ya lindo, watu watano na sigara moja, inazunguka. Mlikuwa na jina lake. Nikikaribia mnanyamaza. Mliiitaje?

Nisamehe kwa usumbufu.

Abdulghani,
mwenye duka


Kitgum
19 Machi 2024

Shemeji Abdulghani,

Jambo sana. Habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya hilo goti? Sisi huku tuko. Zahara anakusalimu. Hapana, hiyo nimeongeza mimi. Yeye alisoma barua yako, akaikunja, akaenda kupalilia. Swahili yangu ni ya kambi, utavumilia.

Unasema unatumai mimi ni mzima. Shemeji, uongo wa wenye duka naujua, nilikaa Kampala miaka kumi na tisa. Gradi, kondakta wa basi, ndiye amebeba barua yako. Gradi huyo huyo alinibeba mimi kutoka hospitali mwezi wa kumi na moja, na Gradi hana kifuniko. Kwa hiyo unajua. Wamenikata koo, wametoa kile kisanduku cha sauti. Napumua kwa tundu hapa chini ya kidevu. Simu kwangu ni bure. Nikipokea, mtu anasikia upepo tu, anafikiri mtandao ni mbaya. Umefanya vizuri kuandika.

Sasa swali lako la kitaalamu. Watu watano, sigara moja, kila mtu pafu moja, na la mwisho linaenda kwa yule aliyepangiwa lindo baya. Tuliiita komunio. Tulinyamaza ukikaribia kwa sababu wewe ni Mwislamu, tuliona tutakukosea adabu. Padri wa kambi alikuwa anajua. Pafu la kwanza lilikuwa lake.

Andika hiyo, ni ya arobaini na moja.

Na mimi nina swali, na langu linahusiana na yaliyopita. Daktari amenipa miezi. Hakusema ngapi, ila aliacha kuniandikia tarehe ya kurudi. Kufa siogopi, nimeona watu wajinga sana wakifaulu. Ninaogopa ndugu zangu. Mdogo wangu Kidega ameanza kupima kiwanja kwa hatua zake, akidhani nimelala kwenye kiti. Hii ardhi ni ya ukoo. Binti yetu Akot ameolewa mbali, anafundisha Arua. Siku mimi nikizikwa, Zahara ataambiwa arudi kwao. Kwao ni kwako.

Naomba umfungulie mlango. Usifanye kwa ajili yangu. Lakini kumbuka tumbaku yangu uliifungua wewe mwenyewe, mwaka ule, nilikuona kwa macho yangu. Mtu akishafungua tumbaku hana ruhusa ya kufunga mlango. Miaka thelathini na mitano najiuliza kwa nini mlifunga.

Shemeji yako,
Ocira


Kisenyi
2 Aprili 2024

Bwana Ocira,

Assalaam alaikum. Barua imefika. Pole kwa maradhi, Mungu akuondolee. Sisi tuko katika mfungo, kumi la mwisho. Watu wa gereji mchana hawana neno lolote la sigara, wanatazama ukuta tu.

Nimeandika komunio. Ahsante.

Hayo mengine sikuyaelewa. Tumbaku gani?

Nitakwambia ninachokumbuka, nawe urekebishe. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya swala. Ulikuja na sare iliyopigwa pasi. Ukaweka juu ya kaunta pakiti moja ya sigara ishirini, imefungwa kitambaa cheupe, juu yake kiberiti. Ukampigia baba saluti. Baba akakutazama, wewe ukageuka, ukaondoka bila neno. Nikafungua kitambaa. Chini ya pakiti ilikuwepo alama ya penseli ya duka letu. Ulikuwa umeinunua kwetu Jumatano, nilikuuzia mimi.

Nikamwambia baba, “Konstebo amerudisha mzigo.” Wateja hurudisha. Hurudisha kwa kugombana, hurudisha kwa aibu, nikadhani polisi wao hurudisha kwa saluti. Nikaikagua, haikuwa imeguswa, nikairudisha rafuni. Jioni nikaifungua nikaiuza moja moja kama pakiti zote za duka hili. Kitambaa nikafutia mizani.

Siku ya tatu Zahara hayupo. Kitanda kimetandikwa, kanga zake mbili hazipo. Baba akasema, “Mwizi alikuja kwanza kutupigia saluti.” Alikufa mwaka 1997 akisema hivyo hivyo, na jina la binti yake hakulitamka tena, hata kwenye dua, nilikuwa nikisikiliza.

Sasa unaniambia kuna tumbaku niliifungua. Kuhusu mlango, mlango ulikuwa wa baba, mimi nimeurithi na kufuli lake.

Abdulghani


Kitgum
20 Aprili 2024

Shemeji,

Idd njema, ingawa imepita. Goti linaendeleaje? Mwandiko wangu umekuwa kama wa kuku, ni mkono, usidhani ni hasira.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa. Nikaisoma tena. Halafu nikampa Zahara. Nitakwambia kilichotokea, lakini kwanza sikiliza.

Kwetu, katika ukoo wangu, kijana haendi kuongea na baba wa msichana kwa mdomo. Wazee wanasema mdomo hauna mizizi. Anapeleka tumbaku. Anaiweka, anaondoka, haongei. Wakiirudisha, umekataliwa. Wakiiacha bila kuigusa, wanafikiri. Wakiifungua ikavutwa, wamekubali, na mambo ya mahari mtayazungumza baadaye, polepole, hata mkiwa na wajukuu. Zamani yalikuwa majani ya tumbaku. Mimi mtu wa mjini nikapeleka ya pakiti. Niliinunua kwenu makusudi, kwa heshima, nisije nikampelekea baba mali ya duka la mshindani wake.

Jioni ile nilipita na doria. Nikaona imefunguliwa. Shemeji, nilisimama pale upande wa pili wa barabara na bunduki begani, nikakuona kwa macho yangu unampa fundi baiskeli moja. Dereva wa lori moja. Mzee mmoja kipofu, ukamwashia. Nikamwambia mwenzangu Obwona, “Tazama hawa watu walivyo wakarimu. Wamekubali, na wanaugawia mtaa mzima.” Obwona akasema, “Waislamu wana moyo, afande.” Nililia. Askari mzima, na sare.

Kwa hiyo Zahara aliponiambia twende, nilijua nina ruhusa. Na mlipofunga mlango, nilijua nyinyi ni watu wa kubadilika. Miaka yote hiyo nimekuita hivyo, mtu wa kubadilika. Nisamehe. Wewe ulikuwa unauza tu.

Sasa Zahara. Alisoma, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mavumbi, na kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nikaandika kwenye ubao wangu, maana siku hizi naongea kwa ubao wa shule: ULIJUA?

Akasema, “Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona kaka anairudisha rafuni.”

Nikaandika: KWA NINI HUKUSEMA?

“Ningesema mngeelewana. Na nyinyi wanaume mkianza kuelewana mnakaa kikao mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo.”

Ndio huyo dada yako.

Ninaomba tena, shemeji. Safari hii sitatuma tumbaku, imenimaliza. Sina cha kutuma ila ushahidi. Miaka thelathini na mitano kila alfajiri nimemtekea maji ya udhu. Kisima kikikauka nilikwenda mtoni. Hajakosa swala hata moja katika nyumba ya Mkatoliki. Sikusema hili kwa mtu, nilidhani halina wa kuuliza.

Kidega jana alikuja na kamba ya kupimia. Amechoka na hatua.

Shemeji yako,
Ocira


Kisenyi
14 Juni 2024

Shemeji Ocira,

Assalaam alaikum. Hujambo leo? Unakula? Unalala? Mkono je? Na Zahara, na Akot huko Arua?

Nimekaa karibu wiki nane bila kukujibu, na sina udhuru. Nilikuwa sijui barua ya namna hii huanza wapi.

Nilikwenda kaburini kwa baba. Nikachutama kwa shida, kwa sababu ya goti, nikamsomea Yasini, kisha nikamsomea barua yako yote, hata pale pa kipofu. Nikamwambia, “Baba, yule hakuwa mwizi. Alikuja kuposa, na posa niliiuza mimi.” Hakunijibu. Lakini hata hai alikuwa hivyo, ukimwonyesha kosa katika hesabu yake anatazama barabara. Nikakaa mpaka adhana.

Kwa hiyo na wewe nisamehe. Nimejiona hodari wa maneno maisha yangu yote. Nimejua kwamba vijana wa leo hawatumii neno kabisa, tangu sheria ile wanakuja wanainua kidole kimoja tu, nami nikaandika kwenye daftari “kidole” na kujisifu kwa ujanja. Wengine sasa wanavuta kile cha umeme, wanakichaji kama simu, na hicho wanakiita kwa jina la tunda lililomo. Yote hayo nimeyaandika. Siku mtu mmoja aliponiwekea mezani jambo zito kuliko yote bila kusema kitu, nikalitafutia bei.

Na nikiri na hili. Gradi aliniambia habari zako tangu mwezi wa kumi na moja. Nilitafuta miezi minne sababu ya kukuandikia isiyofanana na huruma. Ndipo nikakumbuka daftari.

Sasa chumba. Kile cha nyuma kilichokuwa stoo ya sigara nimekiondolea kila kitu. Harufu ilikataa kutoka. Nimepaka chokaa mara tatu, mara ya tatu ikatoka, au pua zetu zimechoka. Nimebadilisha dirisha. Kitanda ni cha mninga. Mke wangu Hajara ameshona mapazia ya kijani, na amegombana na mimi kuhusu mahali pa kabati, kwa hiyo ujue tumelichukulia jambo hili kwa uzito. Mlango unatazama uani, hatahitaji kupita dukani. Funguo ni mbili, zote zitakuwa zake.

Sharti hakuna. Aje wakati wowote, na wewe ukiweza uje naye. Utakaa pale barazani pako pa zamani, safari hii kwenye kiti.

Mwambie Zahara kaka yake anamsalimu. Hiyo sikuiongeza, ni yangu.

Shemeji yako,
Abdulghani


Kisenyi
9 Julai 2024

Shemeji,

Assalaam alaikum. Hali zenu? Tuna wasiwasi kidogo. Gradi anasema barua yangu aliikabidhi, lakini siku hizi yuko njia ya Arua, na kondakta mpya hajui watu.

Chumba kipo. Basi la Kitgum likiingia huwa nakwenda kusimama. Hajara anasema nanunua dawa ya goti kwa mkono mmoja na kuliharibu kwa mwingine. Mtu yeyote anayeshuka na kanga namtazama usoni. Jana mama mmoja aliniuliza kama ninamdai.

Sijui hata ana sura gani sasa. Alituacha ana miaka ishirini na miwili.

Andika hata mstari mmoja.

Shemeji yako,
Abdulghani


Kitgum
2 Agosti 2024

Kaka Abdulghani,

Assalaam alaikum warahmatullahi. Natumai wewe, wifi Hajara na watoto ni wazima, na goti limepata nafuu kwa kuacha kusimama stendi. Mimi sijambo, alhamdulillahi.

Ocira amefariki. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Juni, Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani. Barua yako ya chumba Gradi aliileta siku tatu kabla. Alikuwa bado anaona. Aliisoma mwenyewe, hakutaka nimsomee, ilimchukua karibu asubuhi nzima. Akaomba ubao. Akaandika neno moja, AMEFUNGUA, akageuza ubao ili nione. Kisha akailaza barua kifuani na kuifunika kwa mikono. Tumemzika nayo. Usinikasirikie, ilikuwa yako lakini ilikuwa yake.

Padri alisema maneno mazuri. Obwona, yule mwenzake wa doria, alikuja kutoka Gulu na fimbo, akalia kuliko jamaa. Wazee wanne na yeye wakavuta sigara moja pale nyuma ya nyumba, ikazunguka. Pafu la mwisho hawakulivuta. Waliiweka juu ya udongo mpaka ikajimaliza.

Kwa daftari lako, ongeza moja ambalo hukuweza kulisikia dukani. Mimi hapa nyumbani sigara niliiita mke mwenza. Alimkuta kabla yangu, alilala kifuani pake kila siku, na nikinung'unika aliapa kwamba kesho anamwacha. Ndiye aliyemchukua.

Sikukupigia simu kwa sababu namba yako sina. Hukuwahi kunipa. Barua yako ya Julai nimechelewa kuijibu kwa sababu ya mambo mengi.

Matanga yalipokwisha Kidega na wenzake walikaa uani, wakanieleza kwa upole mrefu kwamba mimi ni mgeni wao mpendwa na kwamba mgeni ana kwao. Nikawaambia eda yangu haijaisha. Wakasema dini yangu wanaiheshimu sana, ila mpwa wao anaoa mwezi ujao na anahitaji nyumba. Akot alitaka kwenda kwa mkuu wa wilaya. Nikamkataza. Nilichukua mkeka wangu, ndoo ya Ocira ya kutekea maji na ule ubao. Nyumba nikawaachia.

Chumba chako nimekifikiria, kaka. Mninga, pazia la kijani, funguo mbili. Nilikaa nikalia, si kwa huzuni. Lakini niseme na hili bila kukukosea adabu. Barua zenu zote nilizibeba mimi, zake mpaka kituo cha basi, zako mpaka kitini kwake, na zote nilizisoma. Miezi yote hiyo mlikuwa mnanitafutia mahali pa kulala. Kila nilipokunjua barua nilitazama kama kuna swali la kuniuliza mimi ndani yake. Halikuwepo. Sikulaumuni. Mlikuwa na madeni yenu ya heshima ya kulipana, na mlikuwa mmechelewa.

Eda ikiisha nitakuja. Nitakaa wiki mbili katika chumba hicho, tutamsomea baba hitima, utaniona sura na mimi nitakuona. Kisha nitarudi Kitgum. Kaburi lake liko huku, na wateja wangu wako huku.

Maana mimi pia ni binti wa mwenye duka. Nimeuza vitenge sokoni hapa miaka ishirini na sita. Mwaka 2011 nilinunua kiwanja nyuma ya soko, kwa jina langu, nikajenga polepole, msimu ukuta, msimu dirisha. Ocira sikumwambia kwa sababu alikuwa na ndugu. Wewe sikukwambia kwa sababu nilikuwa sina.

Nimehamia Jumanne. Ni vyumba vitatu, na paa halivuji.

Mdogo wako,
Zahara